Bomba likivuja: kwa nini hesabu za Bodo zilipishana vile, na kamati ya kijiji ishike nini siku ya kwanza?

MshaleTanga

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandaa mwongozo wa kurasa nne kwa kamati za mazingira za vijiji vinavyopitiwa na mabomba ya mafuta. Kielelezo changu ni Bodo, kule Ogoni kwenye delta ya mto Niger, Nigeria. Bomba la Shell lilivuja huko mara mbili mwaka 2008, mikoko ikafa na wavuvi wakatundika nyavu. Nimeichagua kesi hii kwa sababu nyaraka zake nyingi ziko wazi, na kwa sababu njia ya bomba la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, nayo imepita kwenye mashamba ya watu.

Nimekwama hapa. Ripoti ya kampuni kuhusu uvujaji wa kwanza ilisema yalimwagika mapipa 1,640, wengine wakasema zaidi ya 100,000. Watu wanaotazama tundu lile lile wanapishanaje kiasi hicho? Halafu, kamati isiyo na maabara wala mhandisi ifanye nini siku mbili tatu za mwanzo? Na kampuni ikishasema "ni wezi waliotoboa", mjadala umeisha?

Naomba majibu yenye vipimo. Za "haki itendeke" ninazo za kutosha.

---

MsomiKibaha

Mkuu, tuanze na mapipa, maana hapo ndipo kesi nzima ilipolala.

Mafuta yaliyomwagika ni kasi ya kuvuja mara muda wa kuvuja, basi. Aliyeshika kalamu akipunguza kidogo huku na kidogo kule, jibu linaporomoka. Kampuni iliandika kwamba uvujaji ulianza tarehe 5 Oktoba 2008, wanakijiji wakasema tarehe 28 Agosti. Kuzibwa lilizibwa tarehe 7 Novemba. Kwenye tarehe ya kuanza peke yake zimepotea siku 38.

Sasa kasi. Mapipa 1,640 ukiyagawa kwa siku 33 ni kama mapipa 50 kwa siku, yaani pipa moja kila nusu saa. Amnesty International waliipelekea video ya tundu hilo kampuni ya Accufacts ya Marekani, inayojishughulisha na mabomba. Wao wakakadiria pipa moja hadi matatu kwa dakika. Zidisha mwenyewe: mapipa 1,440 hadi 4,320 kwa siku, mara siku 72, unapata kama 103,000 hadi 311,000. Video fupi ilifanya kazi hiyo. Mwishoni mwa 2014, kesi ikiwa London, kampuni yenyewe ilikubali kwenye nyaraka za mahakama kwamba takwimu zake za awali zilikuwa chini ya ukweli.

Kwa nini hesabu ya awali ilikuwa ndogo hivyo? Kule kuna utaratibu wa ukaguzi wa pamoja: kampuni, wakala wa serikali anayeitwa NOSDRA, na wawakilishi wa jamii wanakwenda kwenye tundu na kujaza fomu moja. Kwa jina ni pamoja. Ila boti ni ya kampuni, mhandisi ni wa kampuni, na anayejua kipenyo cha bomba na msukumo wa mafuta ndani yake ni wa kampuni. Mwanakijiji anapewa kalamu asaini. Fomu ile ndiyo inayobeba tarehe ya kuanza, chanzo, kiasi na eneo, na miaka sita baadaye mawakili wanabishana juu ya mistari ile ile.

Kwa hiyo kwenye mwongozo wako weka hili juu kabisa: kamati iwe na daftari lake, lenye kurasa zilizopewa namba ili lisichomolewe kitu. Mtu wa kwanza kuona au kunusa aandikwe kwa jina, saa na mahali, siku hiyo hiyo. Kampuni na mamlaka ya mazingira wapewe taarifa kwa barua na kwa ujumbe wa simu pia, maana simu inatunza saa. Kama fomu ya kampuni ina kitu msichokubaliana nacho, andikeni pingamizi *ndani ya fomu yenyewe*, juu ya saini, kwa lugha mnayoijua: "Tumekuwepo. Hatukubali kiasi wala tarehe ya kuanza." Kisha pigeni picha kila ukurasa kabla fomu haijaondoka. Kususa na kuondoka ni kosa, kwa sababu fomu itajazwa tu bila ninyi.

---

FundiBomba

Naongezea kwenye video, kwa sababu nyingi huwa hazisaidii kitu.

Anayepiga asimame upande upepo unakotoka, mbali, na kama ni petroli au mafuta mepesi asisogee kabisa: mvuke unatambaa chini na unawaka, na simu yenyewe inaweza kuwa chanzo cha cheche. Asivute picha karibu kwa kidole. Apige dakika mbili mfululizo bila kukata, na kwenye picha kiwepo kitu ambacho kipimo chake kinajulikana, kama ndoo ya lita 20, jembe au mti wenye alama kila nusu mita. Bila hicho, mtaalamu hawezi kujua kama tundu ni la upana wa kidole au wa ngumi. Aanze kwa kutaja tarehe, saa na jina la mahali kwa sauti. Arudie asubuhi na jioni kila siku mpaka lizibwe, maana wakipunguza msukumo baadaye, video ya siku ya mwisho pekee itaonyesha vitone.

Hesabu ya kukumbuka: ndoo ya lita 20 inayojaa kwa sekunde 10 ni lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 172,800 kwa siku. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo hayo ni mapipa 1,087 kwa siku. Watu hushtuka wakiona kijito kinachojaza ndoo tu kinafika huko.

Mafuta yakishatuama kuna njia ya pili. Hekta moja yenye utando wa milimita moja ni lita 10,000, kama mapipa 63. Pimeni eneo kwa hatua au kwa simu, chomekeni rula kwenye madimbwi kumi tofauti, mpate wastani. Ila muandike wazi kuwa hicho ni kiwango cha *chini*. Yaliyonywewa na udongo, yaliyopanda hewani na yaliyochukuliwa na maji kupwa na kujaa hayamo.

Kuhusu wezi. Tundu huwa linasema lenyewe lilivyotokea. La kutobolewa kwa mashine lina mduara safi, kingo zake zimenyooka, na mara nyingi utakuta pameunganishwa vali au kipande cha bomba. La kutu lina kingo nyembamba zilizoliwa, na chuma kinachozunguka kimekonda. Likiwa sehemu ya chini kabisa ya bomba, penye namba 6 ukilitazama bomba kama uso wa saa ya ukutani, shuku kutu ya ndani, kwa kuwa maji yanayosafiri na mafuta hutuama hapo. Mwizi anayefukua hufanya kazi juu au ubavuni, ambako mkono unafika. Si sheria ya Musa, lakini ni mahali pa kuanzia.

Kamati idai mambo matatu: picha ya tundu ikiwa na rula pembeni *kabla* ya kuzibwa, vipimo vya unene wa chuma kuzunguka tundu, na kipande kilichokatwa kihifadhiwe kikiwa na lakiri ya pande zote. Kipande kikishauzwa chuma chakavu, hakuna wa kumuuliza.

---

MsomiKibaha

@FundiBomba umenikumbusha kisheria. Hata wizi ukithibitika, mjadala haujaisha.

Ikot Ada Udo, Nigeria hiyo hiyo. Kisima cha mafuta kilichoachwa kilimwaga mafuta mwaka 2006 na 2007 baada ya watu kufungua vali zake. Hakikuwa na kizibo cha maana: spana tu ilitosha. Januari 2013 mahakama ya wilaya ya The Hague, Uholanzi, iliamua kwamba kampuni tanzu ya Shell ilizembea, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuzuia jambo hilo mapema. Na kwenye shauri la Bodo, Juni 2014 Jaji Akenhead wa London alisema kwamba wajibu wa mwenye bomba wa kulilinda, chini ya sheria ya mabomba ya Nigeria, unaweza kujumuisha hatua za kuridhisha dhidi ya wizi, kama vifaa vya kugundua uvujaji. Alikataa kampuni ibebeshwe kazi ya polisi.

Kisha Januari 2021 Mahakama ya Rufaa ya The Hague ikaenda mbali zaidi kwa Oruma na Goi, vijiji vingine vya Nigeria vilivyomwagikiwa: anayedai hujuma aithibitishe pasipo shaka ya msingi. Kampuni haikufika hapo. Iliamriwa pia bomba la Oruma lifungwe mtambo wa kugundua uvujaji, na amri hiyo ikaifunga hadi kampuni mama. Desemba 2022 wakamalizana kwa euro milioni 15, bila kampuni kukiri kosa.

Kwa hiyo ukiambiwa "wezi", uliza: mtambo wa kugundua uvujaji upo? Ulilia saa ngapi? Bomba lilizimwa saa ngapi? Kila lita iliyotoka baada ya mtambo kulia, kampuni ina la kujibu, hata kama tundu ni la mwizi.

---

ChupaYaKioo

Mmesahau sampuli, na hapo ndipo vijiji vinapoteza fedha bure: vinapeleka maabara maji ndani ya chupa ya soda.

Mafuta hushika kwenye kuta za plastiki, na plastiki nayo huachia kemikali zake. Tumia kioo. Kwa benzini (kemikali yenye sumu iliyomo kwenye mafuta, si petroli) na jamaa zake, vichupa vya mililita 40 vyenye kifuniko cha teflon, vijazwe mpaka maji yapande juu ya mdomo, vifungwe bila hewa. Kigeuze juu chini: ukiona kiputo, mwaga, chukua kingine. Kwa mafuta mazito, chupa ya kioo cha kahawia ya lita moja, na *usiisuuze* kwa maji unayoyapima, kwa sababu mafuta yatabaki kwenye kuta na majibu yatapanda kuliko uhalisia. Kampuni italiona hilo na kuitupa sampuli. Zote kwenye barafu, kama nyuzi 4, zisigande. Sampuli ya benzini isiyotiwa asidi ifike na kupimwa ndani ya siku 7. Iliyotiwa asidi inavumilia 14.

Chukua pia mahali ambapo mafuta hayakufika, juu ya mkondo. Bila hiyo utaambiwa "maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani". Kila mahali zichotwe sampuli mbili, moja ya kampuni na moja ya kijiji, zote zikiwa na lakiri. Iende na karatasi: namba, saa, viwianishi (namba za mahali kwenye GPS), kina, nani alichota, nani alipokea, saa ngapi. Mkono mmoja ukikosa saini kwenye mlolongo huo, wakili wa upande wa pili amepata mlango.

Iombe maabara alama ya mafuta yenyewe, siyo tu "mafuta yapo au hayapo". Mafuta ghafi ya kila kisima yana muundo wake wa kemikali, na ghafi si dizeli. Mfano ni Nisisioken Ogale, Ogoni. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya Agosti 2011 ilikuta benzini kwenye visima vya kunywa zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO, na tabaka la sentimita 8 la mafuta *yaliyosafishwa* likielea juu ya maji ya chini ya ardhi. Karibu na hapo palipita bomba la shirika la taifa la mafuta, NNPC. Ungewashtaki wa bomba la ghafi kwa tabaka lile peke yake, wangekushukuru.

---

MshaleTanga

Hii ni zaidi ya nilichotarajia, asanteni. Maswali mawili ya mwisho. Bodo walilipwa vipi hasa, na kwa nini London? Halafu, huku kwetu mtu ashtaki wapi?

---

MsomiKibaha

London kwa sababu tatu: kampuni mama ilisajiliwa Uingereza, nyaraka za ndani za kampuni zinaweza kuamriwa zitolewe, na mawakili wa huko hukubali kubeba gharama za kesi za watu wengi. Kwa Bodo, kampuni tanzu yenyewe ilikubali kusikilizwa pale. Baadaye njia ilipanuliwa na hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya Uingereza: Vedanta, ya wanakijiji wa Zambia, Aprili 2019, na Okpabi, ya jamii za Ogale na Bille za Nigeria, Februari 2021. Kinachotazamwa ni kama kampuni mama ilishika usukani kweli, kwa mfano kwa kuandika kanuni za usalama na kusimamia utekelezaji wake. Kumiliki hisa tu hakutoshi.

Malipo: kabla mawakili hawajaingia, Bodo waliletewa magunia 50 ya mchele, maharage, sukari, nyanya na mafuta ya kupikia. Januari 2015 yakafikiwa maafikiano ya pauni milioni 55. Milioni 35 ziligawiwa watu 15,600, kama pauni 2,200 kila mmoja, na milioni 20 zikaenda kwa jamii nzima.

Angalieni saa. Bonga, eneo la mafuta la Shell baharini Nigeria, Desemba 2011, yalimwagika mapipa kama 40,000. Wadai walipotaka kuibadilisha kampuni wanayoishtaki, muda ulishapita. Wakasema kero bado inaendelea kwa kuwa mafuta hayajaondolewa. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa: kumwagika mara moja ni tukio moja. Mwaka 2025 kwenye shauri la Ogale na Bille, Mahakama Kuu ya London ilisema, kwa sheria ya Nigeria, mafuta yaliyoachwa kwenye ardhi ya mtu yanaweza kuwa uvamizi unaoendelea. Msitegemee upenyo huo. Kwetu Tanzania, na Kenya pia, madai ya kawaida ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu.

---

Mkamba_wa_Kibwezi

Kwa Kenya msiende mbali hadi Nigeria. Thange, kaunti ya Makueni, bomba la KPC (Kenya Pipeline Company) la Mombasa–Nairobi, uvujaji uligunduliwa Mei 2015. Julai 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru KPC ilipe takriban Sh3.8 bilioni kwa wakaazi zaidi ya 3,000. Miaka kumi, lakini hapa hapa nyumbani, bila kupanda ndege.

Mlango wetu ni Katiba. Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote aende mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara. Hicho ndicho cha kukimbilia wiki ya kwanza, kuomba uvujaji usimamishwe na maji safi yaletwe. Fidia ya kila boma inakuja baadaye na inataka ushahidi wa kila boma: shamba lilikuwa na nini, mifugo mingapi, kisima kipi, risiti za kliniki. Orodha ifanywe mapema, kabla majina ya watu wa mbali hayajaanza kuota.

---

ChupaYaKioo

Usafishaji pia, Mshale, usiuache nje. Fedha huisha, mafuta yanabaki. Njia iliyotumika sana Ogoni ilikuwa kulima udongo wa juu, kuupa hewa na kuacha vijidudu vile mafuta. UNEP waliipinga: sehemu 49 walikuta mafuta kwenye kina cha mita 5 au zaidi, jembe lisikofika. Wakakadiria miaka 25 hadi 30 ya kurejesha Ogoni, na dola bilioni moja kwa miaka mitano ya kwanza tu. Kwa hiyo cheti cha "eneo limesafishwa" kisikubaliwe bila mashimo ya kupima kina, na sampuli zichotwe na mtu asiyelipwa na aliyesafisha.

---

MsomiKibaha

La mwisho kwangu, kuhusu karatasi za malipo. Msaada wa dharura wa maji, chakula na dawa upokelewe. Hatari iko kwenye risiti yake. Tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho" au "sitakuwa na dai lingine lolote". Yakiwemo, kata kwa kalamu, saini pembeni, na andika: "Nimepokea magunia mawili ya unga kama msaada, bila kuathiri madai yangu." Asiyejua kusoma asomewe na mtu wa kamati, wala si na aliyeleta gari, kisha aweke dole gumba chini ya sentensi hiyo na siyo mwisho wa ukurasa ambako kumeachwa nafasi ya kuongeza maneno. Fidia na usafishaji viandikwe kwenye hati mbili tofauti, ili saini ya moja isizike nyingine.

---

MshaleTanga

Kurasa nne zimeshakuwa saba. @FundiBomba, ile rula ya kwenye picha: ya plastiki ya mwanafunzi inatosha?

---

FundiBomba

Inatosha, ya sentimita 30, mradi namba zisomeke. Ila ifungwe kwenye fimbo ndefu, na anayeisogeza kwenye tundu awe fundi wa kampuni mwenye vifaa vya kujikinga. Nyie mpige picha.